Nani Alijaza Dodoso Hili?

Ukimwambia mtu wa Dodoma kwamba unasoma saikolojia, atakutania kwa Mirembe. Hospitali ile ya magonjwa ya akili ipo hapa tangu miaka ya 1920, na jina lake limeshakuwa neno la kuchokozana nchi nzima. Kwa hiyo mwanafunzi wa saikolojia anadhaniwa ni mtu wa kuvaa koti jeupe na kukaa na waliochanganyikiwa. Wachache wanajua kwamba sehemu kubwa ya taaluma hii ni kuwauliza watu wa kawaida maswali ya kawaida, kuandika walichosema, kuhesabu, halafu kujiuliza kama ulichohesabu ndicho kweli walichosema.

Hapo kwenye kujiuliza ndipo ninapotaka tukae leo.

Nimeandika habari za elimu na afya kwa miaka kadhaa, na kazi hiyo imenikutanisha na wahitimu wengi wa saikolojia. Mmoja ni mshauri wa wanafunzi shuleni, mwingine afisa rasilimali watu, mwingine yuko kwenye mradi wa lishe, mwingine bado anasubiri ajira huku anauza alizeti. Nikiwauliza ni kitu gani chuoni kiliwafanya wawe walivyo, karibu hakuna anayetaja mhadhara. Wanataja utafiti wa kwanza. Si lazima uwe wa kwao. Mara nyingi ulikuwa wa mwalimu, au wa mgeni aliyehitaji vijana wanaojua Kiswahili na njia za vumbi. "Tulipelekwa Bahi siku kumi." Wengine wakisema hivyo macho yanang'aa. Wengine wanacheka kile kicheko cha kufunika jambo.

Naamini utafiti ule wa kwanza haumfundishi kijana kazi tu. Unamfundisha afanye nini pale mtu anaposema "sijui", au anaponyamaza. Mengine yote, hesabu za takwimu, programu za kompyuta, namna ya kuandika ripoti, anaweza kuyapata hata akiwa na miaka arobaini. Hili la "sijui" likishakaa vibaya mapema, kulitoa ni kazi.

Maabara ya saikolojia inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilifunguliwa na Wilhelm Wundt kule Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879. Leo Marekani mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaomba nafasi kwenye maabara ya mwalimu wake, anashinda humo miezi, na barua ya mwalimu huyo ndiyo inayomfungulia mlango wa shahada ya juu. Huku kwetu mambo ni mengine. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007, pale Chimwaga penye ukumbi uliokuwa wa mikutano ya chama, na kimekua haraka hadi kuwa mji ndani ya mji. Mwalimu mmoja anaweza kuwa na darasa la mamia. Kumweka kila mmoja kwenye maabara, jamani, hata ukiwa na vyumba hutaweza. Kwa hiyo maabara yetu ni kiti cha plastiki chini ya mkwaju, dodoso mkononi, na bibi mbele yako anayejiuliza kama umekuja kugawa mahindi ya msaada.

Kabla hatujafika chini ya mkwaju, kuna kisa cha panya ambacho kila anayesoma saikolojia hukutana nacho, ila sidhani kama wengi wanakisoma kama kisa cha wanafunzi. Mwaka 1963 Robert Rosenthal na Kermit Fode walichapisha jaribio walilolifanya Chuo Kikuu cha North Dakota. Walichukua wanafunzi 12 waliokuwa kwenye somo la saikolojia ya majaribio, wakampa kila mmoja panya watano. Nusu ya wanafunzi waliambiwa panya wao ni wa ukoo uliochaguliwa kwa akili, nusu wakaambiwa wao wamepata wa ukoo mzito. Uongo mtupu. Panya walikuwa wa aina moja, wamegawanywa bila mpango wowote. Wanafunzi wakawafundisha kupita kwenye mzingile kwa siku kadhaa, na kweli, panya "wenye akili" wakafanya vizuri kuliko wale "wazito".

Walioitwa wenye akili, wanafunzi wao walisema wanapendeza, na waliwashika kwa upole zaidi. Kwa hiyo huenda mkono laini ulimsaidia panya. Huenda pia jicho la anayehesabu lilikuwa laini. Wanafunzi hawa si kwamba walikaa wakapanga kudanganya. Walitaka tu kumpa mwalimu kile walichodhani mwalimu tayari anakijua.

Sasa mtoe panya, umweke mtu anayekuamkia.

Dada mmoja niliyesoma naye alichukuliwa, akiwa mwaka wa tatu, kuwa mtafiti msaidizi kwenye mradi ambao siutaji. Walikuwa wanapima sonona vijijini, kwa lile dodoso fupi la maswali tisa linalotumika dunia nzima. Kila swali linahusu wiki mbili zilizopita, na kila jibu lina alama kuanzia sifuri mpaka tatu: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Jumla ya juu ni 27. Ukifika 10, wengi wanaanza kukuhesabu kama mtu wa kuangaliwa.

Ilikuwa mwezi wa 11, mvua haijaja, mtama wa mwaka ule umeshuka ghalani. Akaingia kwenye kaya, akasalimia "Mbukwenyi", akakaribishwa, akaanza. Mama, umekuwa ukipata shida ya usingizi? Kila siku, mwanangu, naamka saa nane usiku kupanga ndoo kisimani. Tatu. Unajisikia mchovu? Sasa nisichoke? Tatu. Na hamu ya kula? Mama akamtazama, akauliza, kula nini?

Hapo ana alama sita, na kalamu iko hewani. Akiweka tatu nyingine, mama amefika tisa kwa kisima na ghala peke yake, na bado maswali sita. Asipoweka, ameamua yeye, binti wa miaka ishirini na tatu, kwamba njaa si ugonjwa. Na isije ikaonekana nasema maskini haugui sonona. Anaugua, na ukame unaweza kuwa mojawapo ya njia inayomfikia. Swali ni nani anayejua tofauti kati ya mama aliyekesha kwa ndoo na mama aliyekesha kwa huzuni, na karatasi haina pa kuiandika tofauti hiyo. Rafiki yangu aliiandika pembeni, kwa herufi ndogo. Jioni msimamizi alimwambia asiharibu dodoso kwa maelezo, kompyuta haisomi pembeni.

Nadhani siku ile alijifunza saikolojia kuliko mihula yote. Angeweza pia kujifunza kinyume chake, maana wenzake wawili siku ileile walijifunza kinyume.

Malipo yalikuwa kwa dodoso. Anayeleta kumi analipwa kumi. Kaya zimetawanyika, jua la Dodoma unalijua, na kila mlango wa tatu mwenyewe yuko shamba. Wawili wale walirudi mapema, wakajifungia gesti, wakajaza yaliyobaki kitandani, huku wakibadilishana kalamu ili mwandiko usifanane. Waliwapa watu wao wa kubuni majina, umri, idadi ya watoto, na usingizi wa wastani. Kesho yake msimamizi aliwasifu kwa kasi. Dada yetu, aliyeleta manne yenye maandishi pembeni, alionekana mzembe.

Ukiniuliza madhara yako wapi, nitakuambia kwanza kuhusu watu wa kubuni, kwamba mipango ya kweli itapangwa kwa usingizi wao. Ila kinachonisumbua zaidi ni kile walichokigundua wale vijana: kwamba hakuna aliyegundua. Hilo ni somo, bwana, na halisahauliki kama fomula.

Wapo watakaosema ninahubiri kwa watu wenye njaa. Bumu limechelewa, kodi ya chumba Ng'ong'ona inadaiwa, unataka kijana apoteze nusu siku kumsubiri mzee atoke mnadani? Hoja hii naiheshimu, na naona ina ukweli kuliko mahubiri mengi ya maadili ya utafiti. Anayelipa kwa dodoso amenunua madodoso, na madodoso ndiyo aliyopata. Lawama kubwa iko kwa aliyepanga malipo hayo akiwa kwenye kiyoyozi. Lakini siwezi kuwatoa vijana kabisa kwenye hesabu, kwa sababu yule wa nne, aliyeandika pembeni, naye alikuwa anadaiwa kodi.

Wala tusidhani udanganyifu huu ni wa umaskini. Mwaka 2011 Uholanzi ilitikiswa na Diederik Stapel, profesa wa saikolojia ya jamii wa Tilburg aliyekuwa nyota. Ilibainika alikuwa akibuni data, na makala zake zaidi ya 50 ziliondolewa. Mshahara hakukosa. Namna alivyofanya ndiyo inayonikereketa: aliwaambia wanafunzi wake kwamba data ataikusanya yeye mwenyewe kwa watu anaowajua mashuleni, halafu akawaletea majedwali yaliyokamilika, safi. Wengine waliandikia tasnifu zao za udaktari majedwali hayo. Yaani alichowanyima hasa ni kile kiti cha plastiki. Hawakumwona mtu akisita. Na waliomfichua walikuwa watafiti vijana watatu wa idara yake, waliotazama namba wakaona zimenyooka mno.

Kwa hiyo nikisikia watu wakilalamika kwamba kukusanya data ni kazi ya vibarua, na kwamba mwanafunzi mwerevu akae kwenye uchambuzi, huwa nabisha. Aliyewahi kusubiri jibu anajua namba halisi inavyokaa. Ina matundu. Ina wazee watatu waliosema wamezaliwa mwaka wa njaa.

Sasa wanaenda wapi na haya? Nafasi zenye jina la mwanasaikolojia ni chache. Wengi wanaangukia kazi ambazo ndani yake mtu anamuuliza mtu, na jibu linageuka karatasi. Mfano mmoja unanitosha. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, mahakama inapoamua mtoto akae na nani, inaweza kutegemea ripoti ya afisa ustawi wa jamii: aende nyumbani kwa baba, kwa mama, kwa bibi, aulize, aangalie, aandike. Kwenye kazi za namna hii wamo watu waliosoma saikolojia. Nyumba ya bibi iko mbali, gari la ofisi halina mafuta, tarehe ya kesi ni keshokutwa. Afisa huyu ana simu na ana uzoefu. Anaweza kupiga akauliza mawili, mengine akajaza kwa wastani, maana bibi wengi wako hivihivi. Au anaweza kuandika: sikufika, naomba siku saba. Hakimu atakasirika. Mtoto hatajua lolote kati ya hayo, atajua tu alipopelekwa.

Simlaumu mtu kwa kukisia. Nasema tu kwamba siku ile hakuna mhadhara utakaomrudia kichwani. Mkono utafanya ulichozoea.

Kuna jambo moja zaidi, nalo si kosa la mwanafunzi hata kidogo. Mwaka 2010 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, waliandika makala iliyosumbua taaluma nzima. Walikumbusha hesabu ya mwenzao mmoja, kwamba asilimia 96 ya watu waliopimwa kwenye majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Tangu hapo hamu ya kuja kwetu imeongezeka. Wahadzabe wa upande wa Eyasi, kaskazini mwa uwanda wetu huu, wameshachezeshwa michezo ya kugawana na kubadilishana vitu mpaka nadhani wanaijua kuliko sisi. Sina ugomvi na wageni. Mary Ainsworth alikaa na akina mama wa Kiganda karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, akiwa na mkalimani, akaangalia watoto wachanga wanavyoshikamana na mama zao, na kitabu alichotoa mwaka 1967 bado kinasomwa. Mkalimani alikuwa ndani ya chumba kila neno lilipovuka. Vijana wetu wako kwenye kiti hichohicho leo. Wanalipwa kwa siku, jina lao likipata bahati linatajwa kwenye shukrani, na data ikishafungwa hawaioni tena.

Rafiki yangu alipita kijiji kile tena miaka miwili baadaye, kwa msiba usiohusiana na utafiti. Yule mama alimtambua. Alimkaribisha, akamuuliza habari za masomo, halafu akasema, mwanangu, yale tuliyowaambia mwaka ule wa ukame, walioyasoma walisemaje? Dada yetu hakuwa na la kujibu. Faili lilishaondoka kwenye kompyuta ya mwenye mradi, na namba ya simu aliyopewa ilikuwa haipatikani. Akamwambia, "Mama, sijui."