Steringi Hafi. Na Msindikizaji Je?



Kila aliyekulia kwenye kibanda cha video anaijua sheria hii: steringi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, nyumba itamwangukia, lakini mwisho wa picha atatoka kwenye vumbi na kushinda. Anayekufa ni rafiki yake. Yule mcheshi, mwaminifu, aliyeacha vyote amfuate. Anakufa katikati ya picha, steringi analia kidogo, anapata hasira ya kupigania, na sisi tunaendelea kula karanga.

Kwenye One Piece, hadithi ya Eiichiro Oda iliyoanza kuchapishwa Japani mwaka 1997, mtu huyo anaitwa Ace. Kama hujafika huko nisamehe, nakuharibia utamu. Ace, Sabo na Luffy hawakuzaliwa tumbo moja. Wakiwa watoto walinywea vikombe vya pombe ya mchele, na toka siku hiyo wakawa ndugu wa kiapo. Ace ana jeraha lake la ndani: baba yake ni haramia ambaye dunia nzima inamchukia, na tangu utotoni anajiuliza kama ilikuwa halali yeye kuzaliwa. Mwisho wake mnaujua. Luffy anakwenda vitani kumwokoa, anafunguliwa, halafu pigo linapomlenga mdogo wake, Ace anaingia katikati. Anakufa akishukuru kwamba alipendwa.

Kijana mmoja wa kigango chetu huku Matema aliniuliza kuhusu jambo hili: "Kaka, kwa hiyo Ace aliumbwa ili Luffy akue? Na Mungu naye anatupanga hivyohivyo, wengine masteringi, wengine wasindikizaji?"

Sikuweza kulifanyia utani swali hilo, maana najua linakotoka. Yeye na mshikaji wake waliahidiana wakiwa shuleni: atakayetangulia amvute mwenzake. Kokoa ya mwaka ule haikutosha kusomesha vijana wawili, maana familia zao zinasaidiana. Mmoja akaenda chuo, mwingine akaingia ziwani. Usiku ukiona taa za wavuvi wa usipa kule mbali kwenye Ziwa Nyasa, mojawapo ni yake, na sehemu ya hela ya usipa ule imelipa ada ya mwenzake. Siku hizi mwenzake hapokei simu. Sasa niambie, swali hilo ni la katuni?

Tuanze na hiki: undugu wa kiapo haukuletwa na Wajapani. Hapahapa Kyela, kwa Wanyakyusa, zamani wavulana wakifika miaka kama 10 au 11 waliondoka kwenye nyumba za baba zao na kujenga kijiji chao wenyewe, rika moja pamoja. Monica Wilson, mtafiti aliyeishi huku miaka ya 1930, aliandika kitabu kuhusu jambo hilo, Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Wavulana wale walikwenda kula kwa kikundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Wazee wana neno lake: ukwangala, yaani kufurahia kuwa pamoja, kula, kunywa na kuzungumza na wenzako. Kwao, mtu anayekula peke yake alikuwa na kasoro. Undugu haukutoka kwenye tumbo la mama peke yake. Ulitoka pia kwenye chungu mlichokula pamoja.

Kwingine walichanjiana damu. Mwezi Aprili 1876, huko Unyamwezi, Mtemi Mirambo na msafiri Stanley walifanywa ndugu. Walikaa wakitazamana, wakachanjwa mguuni, damu zikabadilishwa, na laana ikatamkwa juu ya atakayevunja. Nani aliyewachanja na kuitamka laana ile? Manwa Sera, nahodha wa wapagazi wa Stanley. Vitabu vimejaa habari za Mirambo na Stanley. Manwa Sera ni wangapi tunamjua? Unaona, hata kwenye historia yetu wasindikizaji wapo.

Lakini kiapo peke yake hakitoshi kuleta undugu. Sote tulisoma shuleni habari za Chifu Mangungu wa Msovero, Usagara. Novemba 1884 Karl Peters alimpa mkataba ulioitwa wa urafiki wa milele. Ndani ya urafiki huo ilikuwamo ardhi yote ya Mangungu. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya ulinzi juu ya nchi zilizopatikana kwa mikataba ya namna hiyo, na ndipo ukoloni ukaanza kutushika. Kumbe mtu anaweza kutamka neno "milele" huku anahesabu atakachochukua.

Kuna mtego mwingine tena, na huu unatukamata vijana zaidi. "Wewe si ndugu yangu? Basi shika huu mzigo, usiulize." "Tuliapa, kwa hiyo useme nilikuwa na wewe usiku ule." Ndugu zangu, Herode naye aliapa mbele ya wageni wake (Marko 6). Alijua Yohane Mbatizaji ni mtu mwenye haki, akaona aibu kurudi nyuma, na kichwa cha mtu kikaletwa kwenye sinia. Kanisa linatufundisha wazi: ahadi ya kutenda uovu haikufungi. Dhambi ni kuitimiza, si kuivunja. Anayekutaka uiue dhamiri yako ili undugu uendelee anatafuta mtumwa, si ndugu.

Basi undugu wa kiapo ulio wa kweli unafananaje? Mimi namtazama Yonathani.

Kama Biblia ingekuwa picha, Daudi ndiye steringi. Lakini kumbuka Yonathani alikuwa nani: mtoto wa Mfalme Sauli, mtu ambaye kiti kilikuwa kinamsubiri. Akafanya agano na Daudi, akavua joho lake akampa, na upanga wake, na upinde, na mshipi (1 Samweli 18). Baba yake alipojua anamtetea Daudi alimrushia mkuki. Baadaye alimfuata Daudi mafichoni kumtia moyo, akamwambia kwamba Daudi atakuwa mfalme na yeye atakuwa wa pili wake (1 Samweli 23). Hata hiyo nafasi ya pili hakuipata. Alikufa vitani kwenye mlima Gilboa, upande wa baba yake. Hakumsaliti rafiki wa agano, na hakumtupa mzazi aliyekuwa amepotoka.

Je, maisha yake yalipotea bure? Hapa ndipo tunapotakiwa kutenganisha hatima na wito. Hatima ni maneno ambayo watu wanayasema juu yako kabla hujafungua mdomo: huyu mtoto wa haramia, huyu mvuvi tu, huyu wa kusindikiza. Wito unasubiri jibu lako. Hakuna aliyemlazimisha Yonathani kuvua joho. Angeweza kubaki nalo, na watu wengi wangeona ni haki yake. Alichotoa kilikuwa chake, na kwa sababu hiyo upendo wake ulikuwa wake pia, haukuwa kipande cha hadithi ya Daudi.

Ace ni mchoro, na aliyemchora alihitaji Luffy akue. Mwandishi ana haki hiyo juu ya wino wake. Lakini Mungu wetu si mwandishi wa namna hiyo. Hamtumii mtoto mmoja kama somo la mtoto mwingine halafu akamsahau. Mungu hana mtoto wa kusindikiza.

Unataka ushahidi? Tazama kalenda ya Kanisa, tarehe 3 Juni: Karoli Lwanga na wenzake. "Na wenzake"! Ukisikia hivyo unaweza kudhani hao wengine ni wasindikizaji. Hebu mtazame mmoja wao, Mbaga Tuzinde. Alilelewa kama mwana wa Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka Mwanga. Usiku wa kuamkia 26 Mei 1886, pale Munyonyo, Karoli Lwanga alimbatiza Mbaga pamoja na Kizito, Gyavira na Mugagga. Halafu wakahukumiwa. Nyumbani wakamsihi Mbaga ajifiche, aseme neno moja tu apone. Kwa kweli mlango wake ulikuwa wazi. Akakataa kuwaacha ndugu zake wa ubatizo. Mukajanga aliona huruma, akaagiza apigwe kwanza shingoni asiungue akiwa hai. Na kijana mdogo Kizito, mapokeo yanasema, Karoli alimwahidi kwamba saa ikifika atamshika mkono. Pale Namugongo Wakatoliki na Waanglikana walikufa pamoja, jambo ambalo sisi Wakatoliki wachache wa mwambao huu, tunaoishi na Walutheri na Wamoraviani, tunapaswa kulikumbuka.

Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa watakatifu, Wakatoliki wote 22. Hakumtangaza Karoli peke yake. Kila mmoja ana jina lake, na leo kuna watoto wengi Afrika Mashariki wanaoitwa Kizito. Kwetu ni "na wenzake". Mbinguni kila mmoja anaitwa kwa jina.

Sasa, kuna upande wa pili ambao hatupendi kuuhubiri. Tunawaambia sana wanaojitoa wavumilie, na tunawasahau waliobebwa. Yonathani alipompenda Daudi hakunyamaza kama gogo. Alimwomba waziwazi asiuondoe wema wake kwenye nyumba yake (1 Samweli 20). Kwa hiyo si choyo kumkumbusha ndugu yako ahadi yake, na kijana wetu wa usipa ana haki ya kupiga simu tena. Miaka ikapita, Daudi akawa mfalme, na siku moja akauliza kama kuna yeyote aliyebaki wa nyumba ya Sauli, amtendee wema kwa ajili ya Yonathani. Wakamleta Mefiboshethi, mtoto wa Yonathani, mlemavu wa miguu yote miwili. Daudi akamrudishia mashamba, na kijana yule akala mezani kwa mfalme siku zote (2 Samweli 9). Angalia undugu ule ulivyomalizikia: mezani, kwenye chakula, kama kule kwa wazee wetu na ukwangala wao.

Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Wewe uliyefika chuo, uliyepata kazi Mbeya au Dar, hebu jiulize: nani alibaki ziwani ili wewe uondoke? Nani aliuza gunia la mpunga? Hujaambiwa ulipe shilingi kwa shilingi. Umeambiwa usimfanye mtu awe msindikizaji. Wewe na yeye mlikuwa na safari moja, ila wewe ulitangulia kupanda gari.

Na wewe uliyebaki, usikubali jina hilo. Kila Jumapili tunaitwa kwenye meza moja, na kikombe chetu hakikujazwa pombe ya mchele. Aliyetuita rafiki zake aliingia katikati ya pigo lililotulenga sisi, na yeye ndiye Bwana wa hadithi yote. Kwenye picha hii steringi alikufa, vijana. Alikufa kwa ajili ya wasindikizaji, akafufuka, na hakuna tena msindikizaji.

Wiki hii fanya kitu kimoja tu: mtafute mtu mmoja aliyekubeba, umtaje kwa jina lake mbele ya Mungu, kisha umpigie simu.

Tuombe. Ee Yesu, ndugu yetu, wewe unatuita kila mmoja kwa jina. Tuondolee viapo vinavyotufunga kwenye uovu. Tupe moyo wa Yonathani tunapotoa, na kumbukumbu ya Daudi tunapofanikiwa. Watakatifu Karoli Lwanga, Mbaga, Kizito na wenzenu wote, mtuombee. Amina.