Fumbo Lililobaki Ubaoni

Hapa Rwanda mtu husema "Sakwe sakwe!", mwenzake akajibu "Soma!", kitendawili kikategwa. Utamu wake uko katika ule muda wa kuhangaika kabla ya jibu, na intaneti imekula muda huo. Mchezo wa Pokémon ulipotoka Japani mwaka 1996, mtayarishaji mmoja alikuwa amemficha ndani yake kiumbe aitwaye Mew. Uvumi ukaenea kwamba yuko chini ya lori lililo bandarini, humo humo mchezoni. Ulikuwa uongo, lakini ulidumu miaka, kwa kuwa kila mtoto alilazimika kwenda kulisukuma lori mwenyewe. Leo mchezo ukiongezewa kitu kipya, wajuzi hufungua mafaili yake na siri ikatangazwa kabla wachezaji hawajaamka.

Atatokea wa kusema kwamba intaneti pia huzaa mafumbo: Herobrine, mzimu wa mchezo wa Minecraft, ulizaliwa humo mwaka 2010. Kweli, ila ukageuka mzaha upesi, hata watengenezaji wakawa wanaandika kwamba wameuondoa. Mimi naona tulikosea kudhani fumbo ni kitu kilichofichwa. Tazama igisoro, bao letu la hapa Rwanda: mashimo 32, kete 64, zote wazi mbele ya macho, na watazamaji wakibisha kwa sauti ya juu. Hakuna faili la kufungua. Kisichojulikana ni kimoja tu, mkono wa mpinzani, uliosimama juu ya shimo na bado haujachota.