Kufuatana na Shahidi Mpaka Mahkamani

Huulizwa, mtu asiyedai wala asiyedaiwa, wala hakuona kitu, akifunga duka lake akafuatana na shahidi mpaka mlangoni pa mahkama, je, amefanya kheri ama ni fudhuli aliyejitia katika yasiyomkhusu? Suali hili lawaelekea khasa watu wa pwani wakaao bara kwa biashara, kwani mgeni hupenda kujikalia kimya.

Na itazamwe Singida. Baina ya mwaka 1946 na 1948, katika nchi ya Wanyaturu, watu wengi waliuawa, na mwanzo ilidhaniwa kuwa wauaji ni simba. Kisha ikadhihirika kuwa walikuwa wanaadamu waliovaa ngozi za simba. Serikali ya Kiingereza ikawashika watu, ikawahukumu, na baadhi yao wakanyongwa. Basi msomaji na afikiri hali ya mtu aliyejua jambo siku zile. Kusema mbele ya hakimu mchana, askari wapo, ni jambo moja. Kurejea kwake jioni kwa njia ile ile ipitayo kati ya mashamba ya mtama, hali jamaa za mshitakiwa ni jirani zake, ni jambo jingine kabisa.

Katika Suratul-Baqara, aya ya 282, mashahidi wamekatazwa kukataa waitwapo. Na katika aya iyo hiyo imekatazwa shahidi kudhuriwa. Watu hulishika la kwanza wakalisahau la pili. Maulamaa wa Kishafii wamesema kuwa kutoa ushahidi ni fardhi ya kifaya wakiwapo wengine wa kutosha, na ni fardhi ya ain wasipokuwapo. Lakini wameshurutisha mwendo uwe wa kwenda na kurejea siku moja, na shahidi asiwe na udhuru kama maradhi na mfano wake. Na khofu ya kweli imo katika udhuru. Basi amwondoleaye mwenziwe khofu au umbali amemwondolea kizuizi kilicho kati yake na fardhi yake. Huyo si fudhuli.

Wako wasemao kuwa kunyamaza ni kumsitiri Muislamu. Hilo ni kuchanganya mambo. Sitara yapendeza katika haki za Mungu, kama mtu kuonekana amelewa; ama damu na mali za watu, mwenye haki ni mwingine, na asitiriye humo amemdhulumu.

Tanzania ilitunga sheria ya kuwalinda watoa khabari na mashahidi mwaka 2015, na mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya mahkama. Haya ni mema. Lakini sheria haiketi kwenye benchi pamoja na bibi mzee aliyetoka shamba, asiyejua aitwapo asimame wapi.

Jambo la khatari ni talkini. Afuatanaye na shahidi asimfundishe la kusema, hatta neno moja, hatta akiona lamsahau. Uingereza wako watu wajitoleao kazi hii bila ya ujira, nao hukatazwa kuzungumza na shahidi juu ya ushahidi wake. Na kwa kuwa shahidi hungoja nje wenziwe wakihojiwa, rafiki yake akiingia kusikiliza asimtolee khabari za ndani.

Limebaki la nauli. Kutoka Manyoni mpaka Singida mjini ni zaidi ya kilomita 100. Ujira kwa kutoa ushahidi haujuzu. Lakini gharama ya safari na chombo cha kupanda maulamaa wameijuzisha. Hatta hivyo, mwenye duka akimlipia shahidi wa mdeni wake, upande wa pili utasema ushahidi umenunuliwa, na hautalaumiwa. Afadhali alipe asiyekuwa na jambo na yeyote katika wale wawili, alipe mbele ya watu, na asizidishe juu ya basi na chakula cha njiani.