Kuni za Mgeni Ajaye



Asubuhi na mapema, mawingu yakiwa hayajapanda, watu wa Beni na wa Mutwanga waweza kuona kitu cheupe juu kabisa ya mlima Ruwenzori. Ni theluji na barafu. Wazee wetu waliiita Nzururu, nao waliiheshimu sana. Kilele kikubwa, Margherita, kina urefu wa mita 5,109. Kwa hiyo baridi yake ni kali ingawa Ikweta iko karibu. Barafu ile imepungua sana tangu mwaka 1906, wakati Luigi wa Savoia, Dyuki wa Abruzzi, wa ukoo wa wafalme wa Italia, alipofika juu na kukipa kilele jina la malkia Margherita. Lakini leo hatutaki kusema juu ya barafu. Twataka kusema juu ya nyumba ndogo zilizo njiani, na juu ya deni ambalo nyumba hizo zatufundisha.

Upande wetu wa Kongo, njia ya kupanda huanza Mutsora, karibu na Mutwanga, katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Hifadhi ya Albert. Katika njia hiyo zilijengwa nyumba za kulala: Kalonge, kwenye mita 2,138, Mahangu, kwenye mita 3,310, Kyondo, kwenye mita 4,303. Kati ya nyumba na nyumba ni mwendo wa siku moja. Vita imeifunga njia hiyo mara nyingi, lakini fundisho lake halikufungwa. Nyumba hizo si za jamaa moja. Anayefika jioni amelowa mvua hulala pale pamoja na wengine asiowajua, hupika katika jiko lilelile walilopikia wa jana, na kesho yake huondoka. Kule Kyondo msitu mrefu umekwisha kabisa. Imebaki mimea ya ajabu, lobelia na senesio, ambayo hukua polepole sana, na kuikata ni kuharibu kazi ya miaka mingi. Basi moto wa pale hutegemea kile ambacho binadamu amebeba mgongoni kutoka chini.

Katika Ulaya nyumba za namna hii ni nyingi. Malkia yuleyule Margherita alipewa pia nyumba, juu ya mlima Monte Rosa, kwenye mita 4,554, nayo ilifunguliwa mwaka 1893. Nyumba nyingine ni za watu wanaokwenda kuteleza juu ya theluji, wamefunga miguuni mbao ndefu ziitwazo ski. Wanalala wengi katika chumba kimoja, wanapika katika jiko moja. Kwa sababu hiyo, mgeni hupewa maagizo, pengine yamebandikwa ukutani: Vua viatu mlangoni. Lete shuka zako mwenyewe. Nyamaza usiku, wenzako wamechoka. Shika zamu yako ya kuosha vyombo. Ukiondoka, fagia, funga madirisha, zima moto, shuka na takataka zako. Na kama umechoma kuni, weka nyingine mahali pake.

Pengine msomaji atacheka: “Hayo ni mambo ya ufagio na masufuria. Yahusu nini dhamiri ya Mkristu?” Ndugu, ngoja kidogo. Tulitazame lile agizo la mwisho. Nimwekee kuni nani? Si yule aliyeniwekea mimi, maana amekwisha shuka. Si mwenye nyumba, maana hayupo. Ni mtu atakayekuja kesho, au mwezi ujao, ambaye sitamwona uso wala yeye hatajua jina langu. Basi hapa pana swali kubwa: Je, mtu aweza kudaiwa na mgeni asiyemwona? Na kama anadaiwa, deni hilo ni la haki, au ni wema tu ambao aweza kuutenda au kuuacha apendavyo?

Tuungame kwanza kosa letu sisi wenyewe. Siku moja tulifika usiku katika nyumba ya wageni, mahali tusipopataja, njia ilikuwa matope na mvua ilitupiga tangu mchana. Tulikuta bidoni zote tupu, majivu yamejaa mekoni, sufuria ina ugali uliokauka, na hakuna hata kijiti cha kuwashia moto. Tulikasirika sana. Tuliwasema vibaya wale waliotutangulia. Tulisema hawana malezi wala dini. Tukalala na njaa. Asubuhi gari likaja mapema, dereva akapiga honi, nasi tukakimbia. Tulipokuwa mbali ndipo mmoja wetu aliuliza: “Nani amejaza bidoni?” Hakuna aliyejibu. Tulikuwa tumeacha nyumba kama tulivyoikuta. Mgeni aliyefika baada yetu alitusema sisi kama tulivyowasema wengine, na alikuwa na haki.

Tangu siku ile tumefikiri sana. Hasira yetu ya usiku ilikuwa shahidi juu yetu. Mtu hakasiriki hivyo akinyimwa zawadi. Anayenyimwa zawadi husikitika tu. Sisi tulikasirika kama watu walioibiwa. Maana yake, mioyo yetu ilijua ya kuwa kuni zile na maji yale yalikuwa haki ya mgeni. Na kama ilikuwa haki yetu jioni, ilikuwa deni letu asubuhi. Hatuwezi kuita jambo moja haki tukiwa twaingia, na kuliita wema tu tukiwa twatoka.

Tazama sasa jinsi deni hili lilivyo. Ukikopa fedha kwa jirani, unamrudishia jirani. Lakini aliyekuachia kuni huwezi kumrudishia. Je, deni limekufa kwa sababu mwenye kudai ameondoka? Hapana. Limehama tu. Yeye alizipokea kutoka kwa aliyemtangulia, akakuachia wewe. Na njia moja tu ya kumlipa ni kumwachia anayekuja. Tufikiri hata juu ya uhai wetu. Nani amewahi kumlipa mama yake maziwa aliyonyonya? Twamlipa kwa kuwalea watoto. Nani amemlipa katekista wa kwanza aliyewafundisha babu zetu kusali? Twamlipa kwa kuwafundisha wajukuu.

Lakini watu huleta maneno ya kujitetea. Tuyasikilize matatu.

Wa kwanza asema: “Mimi nimelipa fedha ya kulala. Basi nimemaliza.” Twamjibu: Fedha yako imelipa kitanda na paa. Haikulipa mgongo wa mtu. Katika mlima, mzigo wa mgeni, pamoja na chakula na vitu vya kuwashia moto, kwa kawaida hupandishwa na wapagazi, watoto wa vijiji vyetu. Mgeni ahesabuye fedha tu haoni jasho. Tena agizo la ukutani husema na mgeni tu, mpagazi halimtaji. Mkristu amwulize huyo naye kama amepata mahali pakavu pa kulala na chakula cha moto, kwa maana yeye pia ni mgeni katika nyumba ile.

Wa pili asema: “Simjui huyo ajaye. Pengine ni mtu mbaya.” Twamjibu kwa Maandiko Matakatifu. Katika kitabu cha Walawi, Mungu aliwaamuru Waisraeli wasivune shamba mpaka pembeni kabisa, bali waache masazo kwa maskini na kwa mgeni. Hakuwaambia wachunguze kwanza nani atakayeokota. Mwenye shamba alikwenda zake nyumbani, na maskini akaja nyuma yake. Kwa njia hiyo Rutu, mjane na mgeni, alipata mkate wake. Na katika ukoo wake alizaliwa mfalme Daudi, na baadaye Bwana wetu Yesu Kristu. Mvunaji anayeacha masuke hajui amemwachia nani.

Wa tatu asema: “Wengine hawafanyi. Nikiacha kuni mimi peke yangu, atakuja mvivu azichome zote.” Neno hili lina nguvu, maana mara nyingi ni kweli. Lakini tufikiri: kama kila mmoja angoja mwenzake aanze, nyumba itabaki baridi mpaka mwisho wa dunia. Waswahili husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika nyumba isiyo na mwenyeji, hakuna wa kukupa jembe. Yakupasa kulishika mwenyewe siku ya kwanza. Hapo mgeni anageuka kuwa mwenyeji wa yule ajaye. Na huyo mvivu? Pengine alikuwa hajaona mfano hata mara moja katika maisha yake.

Hata hivyo, wasomaji wapenzi, tusiwe wakali kupita haki. Kuna swali gumu ambalo watu wa Beni na Butembo wanalijua kuliko wapanda milima. Tangu mwezi wa Oktoba mwaka 2014, mauaji katika wilaya ya Beni yamewafukuza watu wengi sana vijijini mwao. Wamelala katika madarasa, katika makanisa, katika vyumba vya jamaa ambazo zenyewe zilikuwa na vyumba viwili tu. Nyumba ya kulala pamoja si jambo la matembezi kwetu. Basi mama mmoja amelala darasani na watoto wake, usiku mdogo anatetemeka kwa homa, hakuna kuni, mama anavunja benchi ya shule na kuwasha moto. Kesho wanafunzi watakaa chini. Je, mama huyo ametenda dhambi dhidi ya mgeni ajaye?

Kanisa lina jibu la zamani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha ya kuwa, katika shida kubwa ya kufisha, aliye mhitaji hana kosa la wizi akitwaa kile kinachomwokoa, kwa kuwa Mungu aliumba mali ya dunia kwa ajili ya watu wote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha vilevile mwaka 1965. Basi tusimhukumu mama. Tujiulize sisi: sisi tuliokuwa na kuni uani usiku ule, tulikuwa wapi? Benchi ile iliyovunjika si shitaka juu ya mwenye baridi. Ni shitaka juu ya majirani waliolala joto. Kama parokia ingekuwa imeweka kuni mapema, benchi ingekuwa nzima, na mama asingeaibika. Lakini mtu aliyeshiba na mwenye nafasi, akichoma benchi kwa sababu ya uvivu wa kwenda kutafuta kuni, huyo hana la kujitetea.

Tuna mifano mizuri ya kufuata. Katika Kitabu cha Wafalme, mwanamke wa Shunemu alimtengenezea nabii Elisha chumba kidogo juu ya nyumba, akaweka kitanda, meza, kiti na taa. Vitu vinne tu. Lakini alifikiri juu ya uchovu wa mgeni kabla mgeni hajafika. Na yule Msamaria mwema hakumfunga tu majeruhi vidonda. Alimpeleka katika nyumba ya wageni, akaacha dinari mbili kwa ajili ya siku ambazo yeye mwenyewe hatakuwapo. Huo ndio upendo wenye kuangalia mbele. Vilevile katika milima ya Alpi, kwenye njia ya Mtakatifu Bernardo Mkubwa, mita 2,469 juu, watawa wamekuwa wakiwapokea wasafiri kwa muda wa karibu miaka elfu moja. Papa Pio XI, aliyekuwa mpanda milima hodari kabla ya kuwa Papa, alimweka Mtakatifu Bernardo huyo kuwa msimamizi wa wapanda milima mwaka 1923.

Basi tufanye nini? Tuanze na madogo. Ukilala katika nyumba ya parokia, au kwa ndugu mjini Butembo, au darasani kwa sababu ya vita, kabla hujaondoka jiulize maneno manne: Nimeacha maji? Nimeacha kuni? Nimeacha mahali safi? Nimemshukuru aliyebeba? Wazazi, wafundisheni watoto kujaza bidoni ya mwisho hata kama hawatakunywa wao. Nanyi viongozi wa mashirika, wekeni stoo ndogo ya kuni na blanketi kabla wakimbizi hawajafika, maana usiku wa kukimbia hakuna anayepata nafasi ya kufanya mkutano.

Sisi sote tu wageni katika dunia hii. Tulipoingia tulikuta moto umewashwa: mashamba yamelimwa, shule zimejengwa, imani imehubiriwa, na wengine walikufa wakifanya kazi hiyo. Siku moja gari litakuja mapema, nasi tutaondoka pasipo kuwaona watakaolala katika vitanda vyetu. Bwana wetu amekwisha kutuambia ya kuwa, tunapompokea mgeni, twampokea Yeye. Basi yeyote ajaye nyuma yetu usiku, amelowa na kutetemeka, tujihadhari asije akakuta majivu tu.

Mama Maria, uliyetafuta mahali pa kulala Betlehemu pasipo kupata nafasi katika nyumba ya wageni, utuombee.