Punda Afe, Mzigo Ufike?

Methali hii twaijua sote, na wengi wetu tuliokuwa walimu tuliifundisha kila mwaka: punda afe, mzigo ufike. Twaieleza kuwa yasifu bidii na uaminifu wa kazi. Lakini darasani hakosekani mtoto mmoja mwenye kuinua mkono na kuuliza, “Na punda je, Mwalimu?” Twamjibu kwamba hii ni methali tu, kisha twaendelea na somo.

Leo twataka kulirudia swali la mtoto huyo, na tutalipeleka mahali ambapo wengi hawatalitazamia, yaani katika michezo ya kubuni ya vijana, ambamo wanyama wa kupandwa huitwa wenzi wa safari.

Mchezo tutakaoutazama hasa waitwa Dungeons & Dragons. Ulitungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Watu wanne au watano huketi mezani wakiwa na karatasi, penseli na dadu. Mmoja ni msimuliaji. Wengine, kila mmoja hujitwalia nafsi ya mtu wa hadithi, huyu mpiga upinde, huyu mwizi, huyu askari, na kwa pamoja hutunga safari yenye mapango na majoka. Mtu akitaka kuruka shimo, hutupa dadu kujua kama amevuka au ameanguka. Katika miaka ya 1980 walikuwako Wakristo huko Marekani walioupinga vikali kwa ajili ya uchawi utajwao ndani yake. Mjadala huo ulikuwa mrefu, na hapa si mahali pake. Sisi twataka kumtazama farasi.

Miongoni mwa watu wa mchezo huo yuko mmoja aitwaye paladini, askari aliyeweka nadhiri ya kutenda haki. Huyu hupewa farasi wa vita asiye wa kawaida, mwenye akili kupita farasi wengine, na mwaminifu kwake peke yake. Mchezaji humpa jina, humwandika kwenye karatasi yake, na jioni baada ya jioni hueleza jinsi anavyompiga brashi na kumlisha.

Je, farasi huyo akifa? Kitabu cha kanuni cha mwaka 1978 chasema paladini aweza kuita farasi mmoja tu katika kila miaka 10. Hiyo ni miaka ya hadithi, si ya kalenda yetu. Hata hivyo ni mingi. Aliyempoteza farasi wake kwa uzembe atakwenda kwa miguu, au atapanda wa kununuliwa sokoni, na huenda mchezo wote ukaisha kabla hajapata mwingine. Katika kitabu cha mwaka 2003 muda umekuwa siku 30, au mpaka paladini apande daraja, na katika muda huo mapigo yake yote hupunguzwa alama 1. Kanuni hii twaipenda. Ni kama matanga: mtu aliyefiwa mkono wake hauna nguvu ile ile. Kisha kikaja kitabu cha mwaka 2014. Hapo farasi akiishiwa na uhai hutoweka, hata mzoga hauonekani, na bwana wake akitumia dakika 10 kumwita, hurudi yule yule, mzima, bila kovu.

Kutoka miaka 10 hadi siku 30, na kutoka siku 30 hadi dakika 10. Twauliza: mwenzi ambaye kufa kwake kwakugharimu dakika 10, je, ni mwenzi?

Tunamsikia msomaji akisema, “Wazee wetu wamekosa la kuandika. Farasi huyo ni alama za penseli.” Ni kweli, hakuna farasi aliyeumia, wala hatusemi kwamba amedhulumiwa. Mtu anayecheza sataranji hutoa farasi wake aliwe ili aokoe malkia, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayemlaumu. Lakini farasi wa sataranji hana jina. Hakuna aliyemwambia neno, hakuna aliyemwita mwenzi. Kwa maoni yetu, hapo ndipo njia zinapoachana. Ukikiita kitu mwenzi, hata kwa mchezo, umekwisha kujiwekea ahadi fulani, na namna unavyoitunza ahadi hiyo yaonyesha kitu juu yako wewe, siyo juu ya farasi.

Katika 2 Samweli 12, nabii Nathani alimwendea Daudi na habari ya mwana-kondoo mmoja wa maskini, aliyekula na kunywa pamoja na bwana wake na kulala kifuani pake, hata tajiri akamtwaa na kumchinja. Mwana-kondoo huyo hakuwapo, Nathani alimbuni. Lakini hasira ya Daudi ilikuwa ya kweli, na hukumu aliyotoa ilikuwa ya kweli, tena ilimrudia mwenyewe. Basi asituambie mtu kwamba mnyama wa hadithi hagusi moyo wa mtu wa kweli. (Wengine wenu mlitazamia tumtaje punda wa Balaamu. Huyo alikuwa na la kusema mwenyewe, na alilisema vizuri kutushinda.)

Turudi mezani. Wenye kanuni ya miaka 10 walicheza kwa namna yake. Walipofika mlangoni pa pango walimwacha farasi nje penye majani na maji. Mara nyingine walizunguka njia ndefu ili asivuke mto wenye mkondo mkali. Wenye kanuni ya dakika 10 hawana sababu ya kufanya hivyo, isipokuwa wapende. Na wengi hatuwezi kuwalaumu kama hawapendi. Kwa punda wa kawaida mambo ni mabaya zaidi. Kitabu cha 2014 chaweka bei yake vipande 8 vya dhahabu, ilhali farasi wa vita ni 400, na wako wachezaji wanaomtanguliza punda katika njia ya giza ili akanyage mtego, wao wapite. Methali yetu imefika Marekani, na huko imeongezewa hila.

Hata hivyo, kwa haki, sharti tusikilize upande wa pili, maana una hoja isiyo ndogo. Mtetezi wa kanuni mpya atasema hivi: kanuni ya zamani ilikupa farasi mwingine, mpya, kana kwamba wa kwanza alikuwa kiti kilichovunjika. Kanuni mpya hukurudishia yule yule. Ipi kati ya hizo mbili yamheshimu mwenzi zaidi? Tena atatugeukia sisi watu wa kanisani na kutuuliza kama twawapenda wafu wetu kidogo kwa sababu twatumaini kuwaona tena.

Swali hili lilituchukua siku kadhaa. Jibu tulilolipata liko katika Yohana 11. Bwana wetu alijua kwamba atamfufua Lazaro. Alikuwa amekwisha kuwaambia wanafunzi wake kwamba anakwenda kumwamsha. Lakini kabla ya kufika kaburini alilia. Kujua kwamba rafiki atarudi hakukufanya kifo chake kuwa si kitu. Kwa hiyo hatuna ugomvi na kurudi kwa farasi. Tuna ugomvi na kurudi kusikoacha nafasi ya mtu kusimama na kusema, “Ameanguka kwa ajili yangu.”

Wako watunzi walioliona jambo hili. Mwaka 2005 ulitoka Japani mchezo wa kuchezwa kwenye runinga, Shadow of the Colossus, kazi iliyoongozwa na Fumito Ueda. Ndani yake mna kijana na farasi wake Agro, wawili tu katika nchi tupu. Agro hatii kila amri papo hapo; watunzi walifanya hivyo kwa makusudi, ili aonekane kiumbe mwenye nafsi yake. Karibu na mwisho, daraja labomoka chini yao, naye amtupa kijana ng'ambo penye usalama, mwenyewe akaanguka mtoni. Mchezaji lazima aendelee peke yake kwa miguu. Mwishoni Agro atokea tena, lakini akichechemea. Watunzi hao wangeweza kumrudisha mzima, haikuwagharimu kitu. Walimwachia mguu wake mbovu, nasi twaona walifanya vema.

Kwa vijana wa parokia wanaocheza michezo hii, tunalo ombi moja, si katazo. Kanuni za mezani si amri kumi. Kila kundi lina ruhusa ya kupatana lake. Zile dakika 10 za kumwita farasi, zisisemwe kwa neno moja na kupita. Msimuliaji amwulize paladini amwambie nini farasi wake arudipo.

Tena wafanye upesi. Katika kitabu kipya cha mwaka 2024 dakika hizo 10 nazo zimeondolewa. Siku hizi paladini humwita farasi kwa tendo moja tu katikati ya vita, na zamu nzima huhesabiwa kuwa sekunde 6.