Utarudi?

Swali hilo fupi ndilo linaloamua viza nyingi za wanafunzi. Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, kifungu cha 214(b), mwombaji anahesabiwa kuwa anakwenda kuhamia mpaka amridhishe afisa kwamba sivyo. Sisi tuliozoea ibara ya 13(6) ya Katiba yetu, inayokataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika, tunaona mambo yamepinduliwa. Najua, viza si kesi ya jinai, na mwenye nyumba ana mlango wake. Hilo silibishi. Nabisha kumnyima mtu sababu anayoweza kuijibu.

Maana nia ya kesho haina risiti. Nyerere aliondoka 1949 kwenda Edinburgh, akarudi 1952. Kabla ya safari angethibitishaje?

Kuna kijana hapa Mwanza ambaye mama yake anauza dagaa mwaloni Kirumba. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo pesa huingia benki kwa mafungu, kisha kimya, kisha mafungu tena. Barua ya kumkatalia ilisema eti chanzo cha fedha hakieleweki. Hakieleweki kwa nani? Mtu wa ziwani angeisoma taarifa ile ya benki kama kalenda.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya mahakama. Kanada, aliyenyimwa kibali cha masomo akiwa nje ya nchi ana siku 60 za kuiomba Mahakama ya Shirikisho iupitie uamuzi. Tangu hukumu ya Vavilov ya 2019, jaji huangalia kama sababu za afisa zinaeleweka na zinaendana na ushahidi aliowekewa mezani. Marekani ni kugumu zaidi: kwa kawaida mahakama haziugusi uamuzi wa afisa wa ubalozi, na Mahakama ya Juu ililirudia hilo 2024 katika kesi ya Muñoz, iliyohusu viza ya mume.

Na hata Kanada, ukishinda hupewi viza, jamani. Faili linarudi kwa afisa mwingine, naye anaweza kukataa tena, muhula umeshaanza na wakili keshalipwa. Rafiki yangu wa Nyegezi anasema pesa hiyo bora ikalipie ada hapa hapa SAUT. Simlaumu. Ila yule afisa wa pili amelazimishwa kusoma, na mimi kusomwa nakuhesabu kuwa haki, hata kama jibu ni lile lile.

Kijana ameomba upya. Safari hii ameambatisha ukurasa mmoja unaoeleza habari za mbalamwezi.