Raha ya Milele na Beseni la Kachumbari

Baba tulimzika Kiruruma, kando ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Siku ya pili ya matanga nilipewa beseni la nyanya na vitunguu. Nikakata, nikanyunyiza chumvi, nikaenda kuwasalimu wageni waliotoka Kyerwa. Niliporudi nyanya zilikuwa zimelegea, zinaelea katika maji yao wenyewe. Nimeyaona hayo tangu utoto, na uuguzini nimekaa miaka 31. Lakini nilikuwa nimefiwa, nikalikodolea macho lile beseni.

Chumvi huvuta maji. Seli ikizungukwa na maji yenye chumvi nyingi kuliko ya ndani yake, maji hutoka kupitia utando wake, nayo husinyaa. Ndiyo maana dripu ya chumvi tunayotundika wodini ina gramu 9 tu kwa lita. Hapo chembe za damu hazisinyai wala hazivimbi. Bahari ina kama gramu 35. Anayeinywa huzidisha kiu, kwani figo haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kiasi hicho, na ili kuiondoa hulazimika kuchota maji ya mwili. Sisi wa Karagwe tuko karibu kilomita 1,000 kutoka pwani. Baba hakuiona bahari, ila maji ya chumvi aliyabeba maisha yake yote, nje ya kila seli.

Nje, nasema. Ndani imejaa potasiamu, ile tunayoila kwenye ndizi na maharage ya shambani. Sodiamu, ya chumvi ya dukani, hubaki nje. Zingeachiwa zingechanganyika, lakini utando una pampu. Jens Christian Skou wa Denmark aliitambua katika neva za kaa, akaandika habari zake mwaka 1957, na mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel. Kila mzunguko pampu hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, ulale au ulime, na hula kama sehemu moja kati ya tano ya nguvu za mwili uliopumzika. (Uliopumzika! Nani kapumzika humo?) Ikisimama, sodiamu huingia, maji huifuata, seli huvimba. Mtu akishakufa potasiamu huvuja mpaka kwenye ute wa jicho, na madaktari wa uchunguzi huipima wakadirie saa ya kifo.

Kwa hiyo jioni ile sala ilinikwama kooni. Katekista alituongoza kumwombea Baba raha ya milele, nami nilijua kwamba ndani na nje kulingana, pasiwe na kinachosukuma tena, kulikwisha kuanza mwilini mwake tangu alfajiri aliyokata roho. Kama raha ndiyo hiyo, aliipata bila maombi yetu. Tulikuwa tunamwombea nini?

Nikamvuta katekista pembeni. "Mwalimu, huko aliko Baba kuna kazi?"

Hakucheka. Alinikumbusha kwamba Yesu, aliposhutumiwa kwa kuponya siku ya Sabato, alijibu kuwa Baba yake angali kazini. "Basi pumziko la Mungu si la kukunja mikono, dada," akasema, akaenda kunywa chai.

Jibu hilo halikunitosheleza. Pampu ninayoijua mimi hula ndipo ifanye kazi. Ikikosa chakula na hewa husimama, na nimesimama kando ya vitanda vingi ikisimama. Kazi isiyochosha sijawahi kuiona. Hata hivyo nalipendelea jibu lake kuliko ule utulivu. Baba alikuwa mtu wa kutokaa. Homa ikimshika aliagiza panga apunguze majani makavu ya migomba, nasi tukalificha. Kumwombea atulie ni kumwombea mtu mwingine.

Usiku tulisali tena. Nilikuwa nimeushika mkono wa Mama, na vidole vyangu vikateleza vyenyewe hadi kwenye mshipa, kama kazini. Nilihesabu mapigo 84. Sala ilipofika kwenye pumziko wengine waliitikia. Mimi nilikuwa bado nahesabu.